Nota Moja Chini

Mtu akilisikia jina la Mzee Mapigo kabla ya kumwona mwenyewe, hutarajia bondia mstaafu mwenye pua iliyolala upande. Anayetokea ni mzee mwembamba, suruali imepandishwa karibu na kwapa, anayeweka mguu chini taratibu kana kwamba sakafu ameazimwa na mwenyewe yupo mlangoni anamwangalia. Maishani mwake hajampiga mtu hata kofi. Jina alilipata kazini, kwenye chumba cha kanda cha kituo cha redio, ambako kwa miaka thelathini na sita kazi yake kubwa ilikuwa moja tu: kusikiliza wimbo, kisha kuujazia kadi.

Kadi ilikuwa na mistari mitatu. Mwendo, yaani wimbo unakimbia au unajikokota. Ufunguo, yaani umesimama juu ya nota ipi. Na Hisia, yaani unataka mtu acheke, alie au asinzie.

Mwendo aliupima kwa kujishika mkono. Vidole viwili juu ya mshipa, macho yamefumbwa, midomo inachezacheza kama ya sungura anayetafuna. Moyo wake ulipiga mara sitini na nane kwa dakika, siku ya harusi na siku ya msiba, na kuanzia hapo alipiga hesabu zake. Kituo kiliwahi kununua kifaa cha kupimia, cha maana kabisa, chenye taa. Kifaa kikatofautiana na Mzee Mapigo kwa mapigo mawili. Kikarudishwa dukani, na dukani wakakiri kwamba kweli ni kibovu.

Sasa ilikuwa wiki yake ya mwisho, Ijumaa anastaafu. Mkuu wa Vipindi, bwana mdogo wa viatu vya ncha aliyetokea kampuni ya matangazo, alikuwa ameleta mfumo mpya wa kompyuta, na amri ilikuwa kadi zote ziingizwe humo, nyimbo zote zihamishiwe humo, kisha kanda zenyewe zikatupwe. Ilibaki rafu moja. Kwenye mfumo, Hisia haikuandikwa kwa mkono, ilichaguliwa kutoka kwenye orodha: Furaha, Huzuni, Mapenzi, Utulivu, Nyinginezo. Mzee Mapigo aliuliza mtu akihisi nyinginezo anakuwaje. Akaambiwa orodha imepitishwa na wataalamu. Akauliza hao wataalamu wakati wanaipitisha walikuwa wanahisi ipi kati ya hizo. Mkuu wa Vipindi akatazama saa yake.

Fomu ya kustaafu nayo ilimtaka arudishe funguo zote za kituo. Akajaza kwa mwandiko wake mzuri kwamba funguo zote, kuanzia A hadi G, ameziacha kwenye kadi. Fomu ikarudi na wino mwekundu.

Kwenye rafu ile ya mwisho kulikuwa na kanda moja ambayo hakuhitaji kuisikiliza, kwa sababu mji mzima uliisikia kila asubuhi. Ndiyo iliyofungua kipindi cha alfajiri, kinachodhaminiwa na kampuni ya sabuni: gitaa la kale lenye mgongo wa nusu papai linadonoa nota nne, halafu sauti ya mwanamke inapanda nyepesi, inakimbiakimbia kama mtu anayeshuka ngazi na habari njema, na mwishoni kabisa, wimbo umeisha, mwanamke anacheka. Kicheko kidogo cha kubanwa, mara tatu. Mtangazaji naye hucheka hapohapo, kwa mkataba, halafu anataja sabuni.

Mwanamke yule alikuwa mke wa Mzee Mapigo.

Mchana alikuwa mpiga chapa wa kituo. Jioni alikuwa mwimbaji wa kikundi cha watu saba walioongozwa na profesa mmoja mwenye nywele masikioni, wanaoimba muziki wa kale, nyimbo za miaka mia nne nyuma, za enzi ambazo wanaume wakubwa walivaa soksi ndefu hadi gotini na hakuna aliyewacheka. Maonyesho yao yalijaza watu kumi na wawili, wanne kati yao wakiwa wanakwepa mvua. Lakini mama yule alizipenda. Wimbo wenyewe, wa lugha ya kigeni, profesa alieleza, ni wa mwanamke anayeuomba moto usizimike mpaka aliyesafiri arudi. Waliurekodi pale kituoni, fundi wa mitambo akiwa ni mumewe, miaka ishirini na tisa iliyopita. Wiki kumi na moja baadaye kifua kikamchukua. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Binti yao alikuwa na miaka miwili.

Kadi ya kanda ile Mzee Mapigo aliijaza baada ya mazishi, peke yake, mlango umefungwa. Mwendo: tisini na mbili. Ufunguo: E maina. Hisia: Furaha. Na chini, kwa herufi ndogo: mwishoni mwimbaji anacheka.

Kadi hiyo ilimletea maneno. Profesa alisema ufunguo wa maina ni wa matanga, kila mtu aliyesoma anajua, na wimbo wa maina kuandikiwa furaha ni sawa na kumvisha marehemu kofia ya sherehe. Mzee Mapigo, wakati huo bado si mzee, alimwambia asikilize mwendo. Wimbo unakimbia. Na huyo anayecheka mwishoni anacheka nini, matanga? Profesa akasikiliza, akakuna sikio lake la nywele, akaenda zake. Furaha ikabaki. Na kwa sababu kadi ilisema Furaha, siku watu wa sabuni walipokuja kutafuta wimbo wa kuamshia watu, kanda ile ndiyo iliyotolewa.

Basi ndivyo mtoto alivyokua. Hakuwa na mama, alikuwa na wimbo. Alfajiri nota nne zikidondoka redioni, baba yake husema, "Mama kaamka," naye hukimbia kuongeza sauti. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, umri uleule aliofia mama yake, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na bado huongeza sauti. Kicheko kile anakijua kuliko anavyoijua sura ya kwenye picha.

Lakini yeye mwenyewe hakuimba. Shuleni mwalimu wa kwaya alimsikiliza mara moja, akampeleka kusimama na wavulana, na hao wavulana ndio waliompa jina la Besi. Likaganda. Kwenye simu wateja wapya humwita kaka. Aliwahi kumuuliza baba yake sauti hii ya debe ameirithi kwa nani, maana mama yake, kila mtu anasikia, alikuwa ndege. Baba akasema labda babu. Mama mdogo wake, mdogo wa marehemu, aliwahi kusema wazi mbele ya wote kwamba mtoto huyu kachukua sauti ya mamaye vilevile. Wakamcheka. Mama mdogo alikuwa na sikio moja bovu, wakasema limeambukiza na la pili.

Jumatano Mzee Mapigo alikuwa anamwaga droo yake. Kalamu zilizokufa, miwani yenye mkono mmoja, barua ya pongezi iliyokosea jina lake. Chini kabisa akakuta uma wa sauti. Ni chuma kidogo chenye meno mawili. Ukikigonga kinalia nota moja, sikuzote ileile, na waimbaji hukitumia kuanzia wimbo pamoja. Ulikuwa wa mkewe. Binti alipokuwa mdogo alijaribu kulia chakula kwa uma huo, akakasirika sana uliposhindwa kushika chakula, ndipo baba akauhamishia kazini.

Akaugonga gotini, akauweka sikioni. Ukalia. Akatabasamu, kwa sababu kwenye ile kanda, kabla ya gitaa, kabla ya yote, uma huohuo unasikika ukigongwa mbele ya maikrofoni. Redioni hukatwa, lakini kwenye kanda upo. Akaona hebu aikutanishe milio hiyo miwili kabla ya kanda kutupwa. Mapenzi ya kizee, tumsamehe. Akaipachika kanda kwenye mashine, akabonyeza, uma wa kwenye kanda ukalia. Akagonga wa mkononi.

Haikuwa nota moja.

Akarudia. Akabadilisha goti. Uma wa kwenye kanda ulilia juu, nota nzima juu ya huu ulio mkononi. Mzee Mapigo aliketi. Chuma hakizeeki koo. Chuma hakipandi sauti kikifurahi wala hakishuki kikihuzunika, ndiyo maana waimbaji hukiamini kuliko wanavyoaminiana. Kama uma na kanda vinabishana, anayedanganya ni kanda.

Ndipo akaikumbuka jenereta. Siku ile ya kurekodi umeme ulikatika, wakawasha jenereta ya uani, zee moja lililokuwa likikohoa na kuvuta pumzi kama linapanda mlima. Na mashine ya kurekodi ya wakati ule mota yake hufuata mapigo ya umeme. Umeme ukilegea, kanda inatambaa. Na kanda iliyotambaa wakati wa kurekodi, siku ukiipiga kwenye umeme wenye afya, inakimbia, na kila kitu ndani yake kinapanda: gitaa, sauti, uma. Mambo haya fundi wa mwaka wa kwanza anayajua. Yeye aliyajua. Hakufikiri tu kuyauliza kwenye kanda ile moja, miaka ishirini na tisa, kwa sababu ilikuwa inamwambia alichotaka kusikia.

Mashine ya sasa ilikuwa na kitufe cha kupunguza mwendo. Akakizungusha kidogokidogo, akigonga uma na kusikiliza, akigonga na kusikiliza, mpaka chuma cha mkononi na chuma cha kwenye kanda vikalia kitu kimoja. Akaiacha kanda iende.

Gitaa halikudonoa tena, lilitembea. Na sauti iliyoingia ilikuwa ya mwanamke mzima, ya chini, yenye uzito. Hakuwa anashuka ngazi na habari njema. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, ameshika ukuta. Katikati ya mstari wa pili alivuta pumzi mahali ambapo hakuna mwimbaji anayevuta pumzi, katikati ya neno, na tena mstari wa tatu. Alikuwa anauomba moto usizimike na yeye mwenyewe anajua umebaki mkaa kiasi gani. Kisha wimbo ukaisha, kikaja kile kicheko. Mara tatu.

Kilikuwa kikohozi. Kikohozi cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja ili asiharibu kanda ya mumewe.

Mzee Mapigo alijishika mkono kwa mazoea, vidole viwili. Mapigo tisini na sita. Akaona moyo nao umeharibika, umelogwa na ile jenereta.

Sasa, hapo palikuwa na njia rahisi, na shetani aliieleza vizuri. Kanda itatupwa Ijumaa. Kadi tayari ina majibu: tisini na mbili, E maina, Furaha. Ayaingize kwenye mfumo hivyohivyo, abonyeze, aende nyumbani. Hakuna mtu duniani mwenye uma mwingine. Binti yake ataendelea kuamshwa na mama anayecheka mpaka sabuni iishe duniani. Ni nani mwenye akili anayemnyang'anya yatima kicheko, tena bure?

Usiku ule hakusema. Alfajiri ya Alhamisi nota nne zikadondoka, binti akaongeza sauti, ndege akakimbia, kicheko kikaja, mtangazaji akacheka, na binti naye, uzi mdomoni, akacheka kidogo kama afanyavyo siku zote. Mzee Mapigo akakiweka kikombe chini. Aligundua kwamba hataweza kukisikia kikohozi kile kikichekwa hata asubuhi moja zaidi.

"Mwanangu," akasema, "leo mchana funga duka. Njoo kazini kwangu."

"Kuna nini? Wanakuaga?"

"Njoo tu, mama."

Alikuja saa sita, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Baba yake akamkalisha kwenye kiti chake, akampa uma ashike, akamweleza jenereta, mota, nota moja. Akaeleza vizuri sana, kwa mpangilio, kama anayetoa mafunzo kwa wageni wa wizara, kwa sababu aliogopa kufika mwisho. Kisha akabonyeza.

Binti alisikiliza ameinamisha kichwa. Sauti ilipoingia, mkono wake ulikwenda kooni na kukaa hapo. Hakuutoa mpaka wimbo ulipoisha, mpaka kikohozi cha tatu, mpaka mkia mtupu wa kanda ukaanza kupigapiga kwenye gurudumu na hakuna aliyeinuka kuuzima.

"Huyu ni mimi," akasema, kwa ile sauti yake ya debe.

Mzee Mapigo akasema ndiyo. Akasema mama mdogo wako alikuwa sahihi, na sisi wenye masikio mawili tulimcheka.

Alidhani shughuli imeishia hapo. Tena alianza kuona kama mambo yameisha vizuri. Lakini binti wa mtu aliyekaa na kanda miaka thelathini na sita hajui kushona tu. Anajua pia kusikiliza.

"Baba. Siku hiyo kanda ilikuwa inatambaa. Lakini wewe ulikuwepo pale, nyuma ya kioo. Masikio yako hayakuwa kwenye kanda. Ulimsikia akikohoa?"

Mkia wa kanda ulipiga, ukapiga.

"Nilimsikia," akasema. "Nikabonyeza kitufe cha kuongea, nikamwambia arudie, ameharibu mwisho. Akasema hapana, amechoka. Nikamwambia asideke."

"Halafu?"

"Akachukua mkoba wake. Halafu sikumbuki. Kweli mwanangu, nilikuwa sikumbuki. Nilipoipiga kanda baada ya mazishi nikasikia anacheka, nikasema aa, kumbe alicheka. Nikakumbuka akicheka."

Binti aliuweka uma mezani, polepole ili usilie. Akasema ana sare arobaini za kumaliza. Akatoka. Alisahau mkoba, akarudi kuuchukua, hakumtazama baba yake.

Ijumaa Mzee Mapigo alipanda ngazi hadi kwa Mkuu wa Vipindi, akamweleza kwamba wimbo wa kipindi cha alfajiri unapigwa kasi kuliko ulivyoimbwa na kile si kicheko. Bwana yule alisikiliza toleo lililopunguzwa mwendo kwa nusu dakika, akavua kifaa masikioni. Akasema pole sana mzee wangu, lakini wasikilizaji wameshazoea kuamka wakichekewa, na hakuna sabuni inayouzwa na mtu mwenye kifua. Alisema kwa upole, tena wa kweli; ndicho kilichoudhi. Toleo la zamani litaendelea hewani. Hilo lingine mzee aliweke kwenye mfumo akitaka, nafasi ipo.

Akateremka, akaliweka. Mwendo: themanini na mbili. Ufunguo: D maina. Kwenye Hisia orodha ikafunguka na majina yake matano, ikamsubiri. Alijaribu kuiacha wazi, mfumo ukakataa. Aliweka kishale juu ya Huzuni akakitoa, kwa sababu mtu anayeziba kikohozi kwa kiganja ili kazi ya mumewe isiharibike, hiyo si huzuni tu. Aliweka juu ya Mapenzi, akaona aibu. Mwishowe akachagua lile alilolidhihaki wiki nzima. Nyinginezo. Kwenye maelezo akaandika: mwishoni mwimbaji anakohoa, fundi alimsikia. Kisha akabeba uma mfukoni. Mlinzi wa mlangoni alimuuliza kama amerudisha funguo. Akasema amerudisha zote isipokuwa mmoja aliokuwa ameukosea.

Nyumbani siku mbili hawakusemeshana zaidi ya chakula kiko mezani na ahsante. Cherehani ilisema badala yao.

Jumatatu alfajiri, siku ya kwanza maishani ambayo hakuwa na pa kwenda, Mzee Mapigo alikuwa amelala macho wazi kitandani, ukuta mmoja tu kati yake na chumba cha mbele. Nota nne zikadondoka. Hakusema mama kaamka. Akasikia hatua za binti zikienda kwenye redio, na kwa mara ya kwanza sauti haikuongezwa. Ndege akakimbia mistari yake yote mitatu. Kisha, hapohapo wimbo ulipoisha, kabla ya kicheko, redio ikazimwa. Kwa usahihi ambao fundi yeyote angeuonea wivu.

Kimya. Cherehani ikaanza, ikasimama. Uzi labda umekatika. Na kwenye kimya hicho cha kutunga sindano, binti yake, Besi, ambaye hakuwahi kuimba hata bafuni, akaanza kuguna wimbo ule chini kwa chini, kwenye D, hajui maneno, taratibu, akivuta pumzi palepale pasipostahili, katikati ya neno, kwa sababu ndivyo alivyousikia.

Mzee Mapigo akajishika mkono, vidole viwili juu ya mshipa. Akaanza kuhesabu. Alifika kumi na tisa, akapotea, akaanza upya, akapotea tena.